Kibasi cha Marehemu

Mlioniacha wiki iliyopita mliniacha kwenye mzunguko wa barabara, koti begani, boneti imefunguliwa, na gari langu la siku nyingi likitoa moshi kama jiko lililomwagiwa maji.

Kwa anayenifikia leo, naeleza kwa ufupi. Ilikuwa asubuhi ya mtihani wa mwisho wa mwanangu wa kiume. Mwendesha pikipiki mmoja alisimama, akajitolea kumfikisha. Nilikataa. Nilisema mtoto wangu hataingia kwenye mtihani wa maisha yake akiwa amepakiwa nyuma ya mtu asiyevaa hata kofia. Tukaenda kwa miguu. Tulipofika, mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa, na msimamizi hakuufungua.

Nami nilimsifu yule msimamizi. Nilimsifu mbele ya mwanangu. Nilisema, "Huyu ndiye mtu wa kazi. Sheria ni sheria."

Tangu siku ile mwanangu, ambaye dada zake wanamwita Mlingoti kwa urefu wake, hunijibu kwa maneno mawili: ndiyo na hapana.

Leo naungama kilichofuata. Sipendi kukiungama, lakini nilifundishwa kwamba aliyeanza kusema ukweli hana ruhusa ya kuishia katikati.

Barua ilitoka kwamba waliokosa mtihani kwa sababu za kueleweka wangepewa nafasi nyingine, moja tu, katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Atakayeikosa hiyo, basi, mwaka mzima umekwenda na maji. Mtihani huo ulipangwa Jumatatu. Siku hiyohiyo, katika mji huohuo, binti yangu mkubwa alitakiwa kuripoti chuoni na godoro lake na sanduku lake.

"Tupande basi," alisema mke wangu. "Jumapili alfajiri tunapanda, jioni tumefika. Yameisha."

"Hayajaisha," nilisema. "Mimi ndiye niliyemchelewesha. Mimi ndiye nitakayemfikisha. Kwa gari langu."

"Gari lipi, baba watoto? Lile limekuwa banda la kuku."

"Nitakalonunua."

"Haya. Lakini safari hii huchagui peke yako. Tunakwenda wote, na kila mtu anakaa mahali atakapokaa. Hawa si watoto wa kupakatwa tena."

Tukatoka wote watano. Mimi mbele, mikono nyuma, kama nilivyozoea. Nyuma yangu mke wangu, binti mkubwa, Mlingoti, na kitinda mimba wetu tunayemwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika.

Katika yadi ya kwanza nililiona gari nililolitaka. Refu, jeusi, magurudumu manene, lenye uso wa mtu asiyecheka ovyo. Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu mkasa ule.

"Mzee una jicho," alisema muuzaji. "Hili ni gari la heshima. Ukishuka humu, watu wanasimama."

"Na safu ya nyuma?" aliuliza mke wangu.

"Nyuma wanakaa watoto, mama."

"Watoto ndio hawa."

Muuzaji alimtazama Mlingoti kuanzia viatu. Alipofika kichwani alikuwa ameshaacha kutabasamu.

"Ingia," mke wangu alimwambia kijana.

Mlingoti aliingia kwa mabega, kisha kwa magoti, kisha tukasubiri sehemu iliyobaki. Alipokaa, magoti yalimfika kidevuni, na shingo ikalazimika kulala upande mmoja.

"Baba," alisema Kasuku, "kaka amekunjwa kama nguo za kabatini."

"Atazoea," nilisema.

"Atazoea nini?" mke wangu aligeuka. "Kesho yake ana mtihani. Atauandika akiwa na shingo ya upande?"

"Je, unaweza kukaa hivyo kutwa nzima?" nilimwuliza mwanangu kupitia dirishani.

"Hapana."

Tukaondoka. Niligeuka mara mbili kulitazama lile jeusi, na binti yangu mkubwa akanishika mkono, akanivuta taratibu kama mtu anayemtoa mgeni msibani.

Siku zile sikutulia. Ofisini nilisimama dirishani. Nyumbani nilizunguka meza. Kazi yangu ni ukaguzi wa mizani: napita madukani na sokoni kuhakikisha kwamba kilo ni kilo. Wiki ile nilimwachia mwuza sukari mizani iliyokuwa imelala upande, kwa sababu macho yalikuwa juu yake lakini akili ilikuwa barabarani, ikihesabu siti.

Ijumaa, na safari iko Jumapili, tukaingia yadi ya mwisho. Nilisimama katikati ya uwanja, nikiwa nimekata tamaa bila kuonyesha.

"Miguu pamoja!" sauti ilinguruma nyuma yangu.

Ndugu zangu, nilibana visigino. Nilibana na mikono ikashuka ubavuni, mbele ya mke wangu na watoto wangu, kabla sijajua nimefanya nini.

Kasuku alicheka hadi akaketi chini. Hata Mlingoti aligeuza uso haraka, mabega yakimtikisika.

Alikuwa Kiranja. Sijui kama ana jina jingine. Alikuwa kiranja wa bweni letu nilipokuwa kidato cha pili, na hakuna mtu aliyepata kulala kabla yeye hajapita na taa. Sasa alikuwa na kitambi na yadi ya magari.

"Nilikujua kwa mgongo," alisema akinikumbatia. "Hakuna anayesimama hivyo isipokuwa mtu wa bweni letu. Kaka, umezeeka lakini hujapinda!"

"Kiranja. Hii ni familia yangu."

"Shemeji, pole," alimwambia mke wangu. "Najua unachokipata. Bado anakaza shuka la kitanda mpaka sarafu idunde juu yake?"

"Ananitandikia hata mimi nikiwa ndani," alijibu mke wangu, na wakacheka wote wawili, jambo ambalo sikulipenda.

Alitupeleka moja kwa moja nyuma ya yadi, kwenye kibasi cha rangi ya maziwa chenye milango ya kusukuma pande zote mbili. Kwa kweli nilikidharau. Kilikuwa na sura ya gari linalopeleka keki harusini.

Mlingoti aliingia bila kuinama sana. Alikwenda hadi safu ya tatu. Alikaa. Alinyoosha mguu mmoja, akangoja kama mtu anayetegemea kugonga kitu. Hakugonga. Akanyoosha wa pili. Kisha akaegemeza kichwa na kufumba macho.

"Panatosha," alisema.

Hakumwambia mtu yeyote. Lakini halikuwa ndiyo wala hapana. Nililisikia neno lile hadi kwenye mbavu.

"Tunakichukua," nilisema.

"Fundi akione kwanza," alisema mke wangu.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana ndilo lililonifikisha nilipo. Katika bweni letu, mtu alimwuliza mwenzake swali mara moja tu. Jibu lilipotolewa, lilipokelewa. Kuuliza tena, au kwenda kumwuliza mtu wa tatu, kulikuwa ni kumwita mwongo mbele ya bweni zima. Nilimwuliza kijana mmoja mara mbili kama ameona soksi zangu. Hakuna aliyenisemesha mpaka tulipofunga shule. Nimeishi hivyo maisha yangu yote, na nimeona fahari kuishi hivyo.

"Fundi hataitwa," nilimwambia mke wangu pembeni. "Huyu ni mwanabweni mwenzangu. Nitamwuliza, atanijibu."

"Sokoni unapima jiwe la mizani kwa jiwe lako mwenyewe. Hata mama mwuza nyanya humwamini."

"Mama mwuza nyanya sikulala naye bweni moja."

"Ingekuwa ajabu," alisema mke wangu.

Nilimgeukia Kiranja. Nilisimama sawasawa. "Nakuuliza. Je, injini ya gari hili imewahi kukuangusha njiani?"

Naye alisimama sawasawa. Kitambi kiliingia ndani. "Haijawahi, kaka. Hata siku moja."

"Nimepokea."

Basi. Swali langu lilikuwa limekwisha.

Ndipo Kiranja akapitisha kiganja juu ya dashibodi, akasema kwa sauti ya chini, "Lilikuwa la marehemu mke wangu. Nikiliona hapa kila siku, kaka, moyo hautulii. Heri liende kwa watu ninaowajua."

"Pole sana, baba," alisema binti yangu mkubwa. "Alikuwa anaumwa?"

Nilimkata jicho. Kiranja aligeuza uso. "Ilikuwa ghafla," alisema, akaenda kutafuta ufunguo.

Binti yangu alinisogelea. "Baba, mlango wa kushoto rangi yake imekolea kuliko wa kulia. Umepakwa upya. Muulize."

"Nimeshauliza."

"Umeuliza injini."

"Nimeuliza."

"Na muulize kadi ya gari iko kwa jina la nani."

"Mama," nilisema, maana yeye ana jina la mama yangu, nami humwita hivyo ninapotaka anyamaze, "mfiwa hahojiwi."

Nililipa akiba yetu yote. Kadi aliahidi kunipa wiki inayofuata, majina yakishabadilishwa. Mke wangu aliweka sahihi yake kama mtu anayesaini kwa niaba ya mgonjwa.

Na gari lilikuwa zuri! Siwezi kulidhulumu. Jumamosi tulilipakia watu wote na mizigo yote, tukapanda nalo kilima cha nyuma ya hospitali, na injini haikuguna. Kasuku alikaa katikati, akatangaza kila kitu alichokiona. Mchana kutwa Mlingoti alisomea ndani yake, milango imefunguliwa, miguu imenyooshwa, madaftari yamejaa siti nzima.

Nilipita nikijifanya natazama tairi.

"Mzee," alisema bila kuinua macho, "huku nyuma kuna upepo mzuri."

"Ndiyo," nilisema. Nilizunguka gari, nikazitazama tairi zote tena, na ya spea pia.

Jumapili asubuhi tulikuwa tunapakia godoro. Siti ya safu ya tatu ilitakiwa kulala ili sanduku la binti lipite, lakini haikulala. Nilivuta huku, nikasukuma kule. Nilivua koti. Basi la alfajiri lilikuwa limeshaondoka zamani, na mke wangu alikuwa mwungwana kiasi cha kutolitaja zaidi ya mara moja.

Mwanamke aliingia getini kwa miguu. Hakubisha hodi. Alikuwa na kilemba cha kijani na mkoba mkubwa, na alitembea moja kwa moja hadi kwenye kibasi. Alikizunguka. Alipofika mlango wa kushoto aliweka kiganja juu yake, akakiacha hapo.

"Nani kawapa hili gari?"

"Shikamoo, dada," alisema mke wangu, kwa namna ya kumkumbusha adabu.

"Marahaba. Nani kawapa?"

"Nimelinunua," nilisema. "Kihalali. Kwa bwana mwenye yadi."

"Bwana mwenye yadi hahusiki nalo. Hili gari ni langu."

"Mama, nadhani umekosea. Mwenye gari hili ni marehemu."

"Sawa," alisema mwanamke, akanyoosha mkono. "Basi marehemu anakuomba ufunguo."

Kasuku alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Sijawahi kuona jambo hilo.

"Mimi ni mke wake," alisema mwanamke. "Amekuambia nimekufa? Safi. Mwaka huu ameniua mara ya pili. Ya kwanza alimwambia mwenye nyumba, ili asamehewe kodi."

Alitoa ufunguo mwingine mkobani. Alibonyeza, na taa za kibasi zikawaka na kuzimika kama kitu kinachomwitikia anayekijua. Kisha aliingia ndani, akapeleka mkono chini ya siti ya nyuma, mahali ambapo sikuwa nimefikiria kupeleka, akavuta kitu. Siti ililala kama mbwa aliyesikia sauti ya bwana wake.

"Inavutwa hivi," alisema. "Haisukumwi."

Nilimpigia Kiranja. Simu haikupatikana. Nilipiga tena. Haikupatikana.

Mke wangu aliendelea kufunga kamba ya godoro. Angenisema ingekuwa nafuu.

Mimi ni mtu wa msimamo, na cha mtu ni cha mtu. Nilichukua ufunguo mfukoni nikamnyooshea yule mwanamke.

"Mama." Alikuwa ni Mlingoti. Alisimama mlangoni mwa kibasi, daftari kifuani, na hakunitazama mimi. Alimtazama yeye. "Mtihani wangu ni kesho asubuhi. Ni mbali. Nikiukosa huu, hakuna mwingine mpaka mwakani."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizozisikia kwake tangu tulipofungiwa mlango.

Mwanamke alimtazama juu mpaka chini. "Wa kwanza ulikuwaje?"

"Nilichelewa."

"Kwa nini?"

Aliinamia daftari lake. Wote wakanitazama.

"Baba alikataa pikipiki," alisema Kasuku, aliyekuwa amepata nafuu.

Mwanamke alinitazama kama ninavyotazama mizani mbovu. Kisha alishusha pumzi. "Pakieni mizigo. Nitawapeleka mimi. Kijana akishaingia kwenye mtihani wake, na dada yake akishafika chuo, ninarudi na gari langu. Wewe mzee baki. Kamsake mume wangu kabla pesa zenu hazijamwishia mkononi. Akinusa kwamba tumekutana, humpati."

"Ninaweza kwenda nanyi, kisha..."

"Kisha nini? Utakuwa unafanya nini ndani ya gari, mzee? Kunielekeza?"

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye maungamo yenyewe.

Mke wangu alinisogelea. Alinishika kiwiko, akaniambia polepole, jicho kwa jicho: "Baba watoto. Kabla hatujapanda. Je, una la kumuuliza huyu mama?"

Nilikuwa nayo mengi. Jina lake. Leseni yake. Kadi. Mlango wa kushoto. Wakati ule hakuna sheria ya bweni iliyonizuia. Huyu hakuwa mwanabweni. Kilichonizuia ni kwamba watoto wangu walikuwa wakinitazama nikiwa nimevua koti, nimeshindwa na siti, nimeuziwa gari la mtu, na sikutaka wanione nikiomba tena kueleweshwa. Nilitaka waondoke tu, upesi, ili nisitazamwe.

"Sina," nilisema.

"Huna?"

"Sina."

Aliniachia kiwiko. Walipanda. Binti yangu mkubwa alinibusu shavuni, akasema atanipigia wakifika. Mlingoti alikaa nyuma, akanyoosha miguu. Kibasi kilitoka getini kwa ustadi mkubwa, bila kugusa nguzo ambayo mimi nilikuwa nimeigusa jana yake.

Nilivaa koti. Nikaenda yadini kwa miguu, upesi, nikijipangia maneno.

Yadi ilikuwa imefungwa mnyororo. Nilitingisha geti. Nikazunguka nyuma. Nikarudi mbele. Nilikuwa nimesimama hapo, sijui niende wapi, simu ilipoita.

"Kaka!" alisema Kiranja. "Simu yangu ilizima, nilikuwa kanisani. Nimeona umenipigia. Gari linasemaje?"

"Kiranja, mke wako amelichukua."

"Mke wangu," alisema, "nilimzika kwa mikono yangu. Nani amelichukua gari?"

"Mwanamke mwenye kilemba cha kijani. Ana ufunguo. Anaijua siti ya nyuma inavyolazwa."

"Mungu wangu." Nilisikia akikaa juu ya kitu. "Kaka, huyo si mke wangu. Huyo ni dada yake. Ufunguo ule aliuchukua siku ya msiba. Kila ninapopata mnunuzi anamfuata, anasema yeye ndiye mwenye gari, na usukani ukishakuwa mikononi mwake haurudishi mpaka nimwitie askari."

"Aliniambia..."

"Angekuambia nini kingine? Amekuonyesha leseni?"

Niliushika mnyororo wa geti.

"Hana leseni, kaka. Ilichukuliwa. Mke wangu alikufa ndani ya gari lile, upande wa kushoto, na aliyekuwa anaendesha ni yeye."

Niliegemea geti. Mnyororo ulinichoma mgongoni, nikauacha unichome.

"Hukuniambia hayo," nilisema.

"Uliniuliza injini."

Kulikuwa na kelele za watu nyuma yake, kisha mlango ukafungwa. "Sikiliza. Wameondoka lini?"

"Sasa hivi. Si muda mrefu."

"Basi hawajafika kizuizi cha askari, pale barabara kuu inapoanza. Mkuu wa zamu ninamjua. Nikimpigia, linasimamishwa. Lakini kaka, nakuambia mapema: likisimamishwa litalala kituoni, na wote waliomo watatakiwa kuandika maelezo. Leo ni Jumapili. Hakuna atakayetoka pale kabla ya kesho mchana."

"Mwanangu ana mtihani kesho asubuhi."

"Ndiyo maana nakuuliza kwanza. Wale ni watoto wako, si wangu. Nipigie upesi uniambie." Akakata.

Mmoja wao ni mwongo. Ama Kiranja ana mke aliye hai, na anataka gari likamatwe kabla sijamdai. Au mke wangu na watoto wangu wote wamo mikononi mwa mtu aliyekwisha kumuua ndugu yake kwenye kiti kilekile. Nikiamua wasimame, mwanangu anakosa mtihani tena, na kwa mara nyingine ni kwa amri yangu. Nikiamua waendelee, huenda nisipate tena nafasi ya kumwamulia lolote.

Nilimpigia binti yangu mkubwa. Simu iliita kwa muda mrefu. Nilikuwa natembea, sijui kuelekea wapi.

"Baba!" alisema. "Tuko salama. Umempata?"

"Mama, nisikilize. Nataka unisikilize wewe peke yako. Sogeza simu sikioni."

"Haiko kwangu, baba. Sauti ya simu inatokea kwenye redio ya gari, tangu jana ulipoziunganisha. Wote tunakusikia."

Nilisimama katikati ya barabara. Gari lilinipigia honi, likanizunguka.

"Mzee," ilikuwa sauti ya Mlingoti kutoka mbali, kutoka safu ya tatu. "Kama ni habari ya kurudi, mimi sirudi."

"Baba watoto," alisema mke wangu. "Kuna nini?"

Kabla sijafungua kinywa, ilikuja sauti nyingine, karibu sana, ya mtu anayetazama mbele.

"Amekupigia, sivyo?" alisema mwanamke. "Haya, mzee. Sema alichokuambia. Watoto wako wanasikia."

Na nyuma ya sauti yake nikasikia ile injini isiyowahi kumwangusha mtu ikibadilisha mlio, ikipanda, ikizidi kupanda.